"Mnapokea bima?" ni swali pungufu: kumpata bingwa wa mapafu kwa bima ya umma

Hospitali ikikujibu kwenye simu kwamba "ndiyo, bima tunapokea," bado hujajua mengi. Jibu hilo linahusu jengo tu. Halikuambii kama bingwa wa mapafu anayeona wagonjwa humo amesajiliwa na mfuko wa bima, au kama siku unayoitaka ni ya wagonjwa wa bima na si ya wanaolipa taslimu. Wala halikuambii kama kipimo cha kupuliza (cha kupima nguvu ya mapafu) atakachokuandikia kitalipiwa, ama utarudishwa dirishani ukalipe kutoka mfukoni. Mtu anayehema kwa kupanda ngazi za ghorofa moja hana pumzi ya kupigwa danadana kati ya madirisha, kwa hiyo maswali haya yaulizwe kabla ya safari.

Bima ya umma, iwe inakatwa kwenye mshahara, inalipiwa na kodi au inachangiwa na mwanachama mwenyewe, mara nyingi ina tabaka tatu. Kuna mkataba na kituo. Kuna usajili wa daktari mwenyewe, maana daktari anaweza kuwa na chumba ndani ya hospitali yenye mkataba na yeye asiwemo. Halafu kuna huduma: mashauriano, kipimo, dawa, kifaa, kila kimoja na masharti yake. Tabaka hili la tatu ndilo linaloumiza, kwa sababu hugundulika ukiwa tayari umevua shati.

Unamtafuta nani hasa

Kwenye orodha za mifuko bingwa huyu haandikwi namna moja. Anaweza kuwa chini ya "magonjwa ya kifua", "magonjwa ya mfumo wa hewa" au "pulmonolojia", au akawa amezama ndani ya "magonjwa ya ndani", kwa kuwa ubingwa wa mapafu kwa kawaida husomewa juu ya ubingwa huo. Ukitafuta kwa jina moja tu utaondoka ukiamini hayupo. Usimchanganye na daktari wa upasuaji wa kifua. Huyo kazi yake ni kupasua, na wagonjwa wake wengi hufika wakiwa wameshachunguzwa na bingwa wa mapafu. Mtoto naye anahitaji bingwa wa mapafu wa watoto, na huyo akikosekana, daktari bingwa wa watoto. Kliniki ya watu wazima inaweza kumrudisha mtoto hata kama rufaa yake haina dosari.

Tena, si kila kifua kinamhitaji bingwa huyu. Pumu ya kawaida na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule unaoitwa COPD, vinatibika vizuri kwa daktari wa familia au wa magonjwa ya ndani, mradi kipimo cha kupuliza kimefanyika na dawa ya kuvuta inatumiwa inavyotakiwa. Foleni ya bingwa iachiwe yanayomhusu: pumu isiyotulia ingawa mgonjwa anavuta steroidi yake, dawa ya kutuliza uvimbe wa mirija, kila siku kwa njia sahihi, kivimbe kilichoonekana kwenye picha, makovu ya mapafu, maji yanayojaa tena kwenye utando wa mapafu baada ya kutolewa, mirija ya hewa iliyopanuka na kutunza makohozi, oksijeni inayoshuka mtu akitembea, kukohoa damu hata kidogo, kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi usingizini.

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda visisubiri bingwa wala kibali cha mtu yeyote. Hayo ni ya kupima makohozi kwanza. Katika nchi nyingi uchunguzi na dawa za kifua kikuu hutolewa bure kupitia mpango wa taifa, nje kabisa ya mfuko wa bima, na hiyo foleni ni fupi kuliko ya bingwa. Na mtu mwenye midomo ya bluu, asiyeweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, aliyeshikwa na maumivu makali ya kifua ghafla au anayekohoa damu nyingi, apelekwe kitengo cha dharura. Karatasi zitafuatwa baadaye.

Tafuta mashine kwanza

Orodha ya watoa huduma iliyo kwenye tovuti ya mfuko ni pa kuanzia, lakini usiiamini sana. Madaktari huhama, mikataba huisha, na orodha hubaki vilevile kwa miezi. Kuna njia ninayoiona bora: tafuta zilipo mashine. Bingwa wa mapafu hawezi kufanya kazi bila kipimo cha kupuliza, picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mapafu kipande kwa kipande) na kamera ya kuingiza kwenye mirija ya hewa, na vifaa hivyo havipo kila mahali. Hospitali za kufundishia, hospitali kubwa za rufaa na zile ambazo zamani zilikuwa za kifua kikuu ndizo huwa navyo. Piga simu moja kwa moja kwenye chumba cha vipimo vya upumuaji, si mapokezi makuu, uulize ni madaktari gani huwaletea wagonjwa wa bima. Fundi wa kipimo na muuguzi wa kliniki ya kifua wanajua nani yupo, nani amesafiri, na nani aliacha kupokea bima mwezi uliopita. Mapokezi makuu hayajui hayo.

Angalia pia daktari mmoja mwenye vituo viwili. Ni kawaida bingwa kuona wagonjwa asubuhi kwenye hospitali ya umma na jioni kwenye kliniki binafsi, na bima ikafanya kazi upande mmoja tu. Ukiambiwa "huyu hapokei bima", uliza anaonea wapi kwingine.

Simu yenyewe iende namna hii:

"Habari za kazi, dada. Namtafutia mgonjwa wa bima ya umma nafasi ya bingwa wa mapafu."

"Bima tunapokea, karibu."

"Asante. Samahani, daktari mwenyewe yumo kwenye bima, au ni hospitali tu?"

"Mmh. Subiri niulize… Yumo, ila Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine anaona wa taslimu."

"Sawa. Wagonjwa wapya bado anapokea siku hizo? Na kipimo cha kupuliza kinafanyika hapo hapo kwa bima?"

"Wapya, nafasi ni baada ya wiki sita. Kipimo kipo, lakini kinataka kibali."

"Kibali anaomba daktari aliyetoa rufaa au mnaomba nyinyi?"

Ile "mmh, subiri niulize" ndiyo dalili kwamba umeuliza swali lenye maana. Usikate simu kabla ya kujua rufaa inatakiwa itoke ngazi gani na inadumu muda gani, kama kuna nyongeza ya kulipa juu ya bima na ni kiasi gani, na jina la mliyezungumza naye. Andika na tarehe. Ukifika ukaambiwa vingine, "niliambiwa na dada fulani tarehe fulani" husikilizwa tofauti na "niliambiwa."

Rufaa inayofungua mlango

Rufaa iliyoandikwa "kikohozi, tafadhali muone" inampeleka mgonjwa mwisho wa foleni. Anayepanga foleni ya bingwa hamuoni mgonjwa. Anaiona karatasi, na kwa karatasi hiyo anaamua huyu aje wiki ijayo au baada ya miezi minne. Mfuko nao huisoma karatasi hiyo hiyo kuamua kama utalipa. Linganisha na hii:

"Mwanamume, miaka 58. Kuhema akitembea tambarare na wenzake wa rika, miezi 7, kunaongezeka. Alivuta sigara 15 kwa siku kwa miaka 24. Amepungua kilo 6 bila kujaribu. Oksijeni 95% akiwa amekaa, 88% baada ya kutembea dakika 6. Picha ya kifua: mistari ya makovu sehemu za chini, pande zote mbili. Makohozi: hakuna kifua kikuu. Naomba uchunguzi wa ugonjwa wa makovu ya mapafu. J84."

Mistari michache tu, na kila kitu kimo. Sigara zinahesabiwa kwa pakiti za miaka: gawa idadi ya kwa siku kwa 20, zidisha kwa miaka. Huyu ana 15 ÷ 20 × 24, sawa na 18. Anayepikia kuni au mkaa ndani ya nyumba, aliyechimba mawe, aliyefanya kazi ya pamba au ya kupaka rangi kwa kupuliza, au anayefuga ndege, nayo yaandikwe, maana yana magonjwa yake.

Ile J84 mwishoni ni msimbo wa ugonjwa katika uainishaji wa kimataifa wa ICD-10, ambao mifuko mingi huutumia kukubali au kukataa malipo. Ya mapafu unayoweza kukutana nayo ni J45 kwa pumu, J44 kwa COPD, J47 kwa mirija iliyopanuka, J84 kwa makovu, G47.3 kwa kukatika kwa pumzi usingizini, R91 kwa doa lililoonekana kwenye picha. Msimbo R05 maana yake ni kikohozi tu. Ombi la CT lililobandikwa R05 hurudi kwa urahisi, wakati mgonjwa yule yule mwenye R91 na ripoti ya eksirei hupita. Simwambii mtu adanganye. Namwambia amkumbushe daktari aandike lile analolijua tayari badala ya dalili ya kwanza iliyomjia mgonjwa mdomoni.

Kabla hujaondoka na rufaa, soma herufi za jina lako uzilinganishe na za kadi. Jina lililogeuzwa mpangilio au tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa mwaka inatosha kukuzuia kwenye dirisha la bima. Mtegemezi aliyevuka umri wa kulelewa, mchango uliochelewa, kadi iliyokwisha muda: yote haya mfumo huyaonyesha siku ile ile ya miadi, kwa hiyo omba kituo chako cha kwanza kihakiki uanachama wako wiki moja kabla.

Kibali

Mashauriano na bingwa kwa kawaida hayahitaji zaidi ya rufaa. Vinavyohitaji kibali cha mfuko ni vitu vya gharama: picha ya CT, kamera ya mirija, kipimo cha usingizi, oksijeni ya nyumbani, dawa za sindano za pumu kali, na pengine hata kipimo cha kupuliza. Kibali kina mambo manne ndani yake: jina la huduma, idadi, kituo, na muda. CT iliyoombewa kibali kwa hospitali moja haifanyiki nyingine. CT "ya kifua bila dawa ya mishipa" (ile ya kung'arisha picha) si sawa na "ya kifua na dawa", na fundi mwangalifu hatabadilisha kwa hisani yako. Tarehe nazo: huduma iliyofanyika siku moja kabla ya kibali kutoka, mfuko unaweza kuikataa yote. Omba namba ya kibali kwa maandishi, uipige picha.

Oksijeni ya nyumbani ina masharti yake ya kitabibu ambayo ni vizuri kuyajua kabla ya kuanza kuiombea. Vigezo vinavyotumika sana ni shinikizo la oksijeni kwenye damu ya ateri lisilozidi milimita 55 za zebaki, au oksijeni inayopimwa kidoleni isiyozidi 88%, mgonjwa akiwa ametulia na si katikati ya shambulio. Faida yake kwa COPD imethibitika kwa wanaoitumia angalau saa 15 kwa siku. Ombi lililopimwa siku ya kulazwa, mgonjwa akiwa hoi, mara nyingi hukwama, kwa sababu namba za siku ile si za kila siku.

Kipimo cha kupuliza, ambacho huharibika kwa mambo madogo

Hapa ndipo miadi nyingi hupotea bure. Bingwa amekungoja, kibali kipo, halafu fundi anauliza "umetumia pampu leo?" na mgonjwa anasema ndiyo, saa moja iliyopita. Kipimo kinaahirishwa, na kibali kinaweza kuisha kabla ya nafasi nyingine kupatikana.

Kipimo hiki, spairometri, kinapima hewa yote unayoweza kuitoa baada ya kuvuta pumzi mpaka mwisho, FVC, na ile inayotoka katika sekunde 1 ya kwanza, FEV1. Uwiano wa FEV1 kwa FVC ukibaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa ya kupanua mirija, ni alama ya COPD kwa mtu mwenye dalili na historia ya moshi. Ili kuona kama mirija inafunguka, mgonjwa hupuliza, anapewa salbutamol mikrogramu 400, yaani mikupuo 4 ya pampu ya kawaida kupitia chupa ya kuvutia, anasubiri dakika 10 hadi 15, anapuliza tena. FEV1 ikipanda kwa 12% au zaidi na pia kwa mililita 200 au zaidi, mirija imefunguka, na pumu inapata nguvu kwenye orodha ya washukiwa. Sasa, aliyevuta salbutamol nyumbani ameshafungua mirija kabla ya kufika. Hakuna kitakachopanda.

Kwa hiyo, kama daktari amekubali, salbutamol inaachwa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Ipratropium saa 12. Pampu zenye dawa ya kupanua ya muda mrefu ya aina ya formoterol au salmeterol, pamoja na zile zilizochanganywa na steroidi, saa 24. Tiotropium na jamaa zake saa 36 hadi 48. Steroidi ya kuvuta iliyo peke yake haiachwi. Pumzi ikibana katikati ya muda huo, vuta dawa yako bila kusita, andika saa, mwambie fundi. Kipimo kitapangwa tena. Shambulio la pumu kwenye basi halina kupangwa tena. Na kama unafanyiwa kipimo cha kuangalia tu dawa zako zinafanyaje kazi, huenda usiambiwe kuacha chochote, kwa hiyo uliza: "kabla ya dawa au juu ya dawa?"

Mengine ni mepesi: usivute sigara wala shisha ndani ya saa 1 kabla, pombe saa 8, mazoezi mazito saa 1, na usivae nguo inayobana kifua au tumbo. Meno ya bandia yanayokaa vizuri yaache mdomoni, yanasaidia midomo kushika bomba. Mjulishe fundi kama una wiki chini ya 1 tangu mshtuko wa moyo au upasuaji wa jicho, au wiki chini ya 4 tangu upasuaji wa kifua, tumbo au ubongo. Kupuliza kwa nguvu kunapandisha shinikizo mahali pote hapo.

Ndani ya chumba unapuliza kwa ghafla na kwa nguvu zote, halafu unaendelea kutoa mpaka fundi aseme acha. Kosa kubwa la wagonjwa ni kuanza taratibu kama mtu anayepoza chai. Zinatakiwa pulizo 3 zinazokubalika, mbili bora zisitofautiane kwa zaidi ya mililita 150, na kwa mtu mzima fundi kwa kawaida haendelei zaidi ya majaribio 8. Omba nakala yenye mchoro, si namba peke yake. Bingwa mwingine akiona mchoro anajua kama ulipuliza vizuri. Akiona namba tupu atakuagiza upya, na mfuko utauliza kwa nini kipimo kile kile kimelipwa mara mbili.

Kama spairometri haipatikani kwa bima karibu nawe, kipimo cha mkono cha kasi ya kupuliza ni cha bei nafuu na kinampa bingwa kitu cha kusoma. Asubuhi na jioni, wiki 2, kila mara pulizo 3, andika kubwa kuliko zote. Kwa kila siku toa ndogo kwenye kubwa, gawa kwa wastani wa hizo mbili: asubuhi 320 na jioni 400 ni tofauti ya 80 juu ya wastani wa 360, karibu 22%. Wastani wa wiki 2 ukizidi 10% kwa mtu mzima, pumu ina ushahidi. Daftari la namna hiyo lina thamani kuliko maelezo ya "usiku nabanwa, mchana sijambo."

Picha

Ripoti ya CT bila picha zenyewe haimtoshi bingwa wa mapafu, hasa kwa makovu na vivimbe. Omba diski au kiungo cha kupakua faili kamili, zenye vipande vyembamba vya milimita 1 hadi 1.5. Filamu iliyopigwa picha kwa simu dhidi ya dirisha haisomeki, hata ikiwa imetumwa kwa moyo mweupe. Na picha ya zamani, hata ya miaka 5 iliyopita, ichimbue ulikoiweka: kivimbe ambacho hakijakua kwa miaka kinabadilisha uamuzi wote.

Habari ya kivimbe huwatia watu hofu wakiwa kwenye foleni, kwa hiyo saizi iangaliwe. Kwa mujibu wa mwongozo wa 2017 wa Jumuiya ya Fleischner, chama cha kimataifa cha wataalamu wa picha za kifua, kwa mtu wa miaka 35 au zaidi asiye na saratani wala kinga dhaifu, kivimbe kigumu kimoja chini ya milimita 6 hakihitaji kufuatiliwa kama hana vihatarishi. Kati ya 6 na 8, CT inarudiwa baada ya miezi 6 hadi 12. Kikizidi 8, hufikiriwa CT nyingine baada ya miezi 3, au uchunguzi unaozidi CT peke yake. Ukiwa na cha milimita 12 na miadi ya baada ya miezi 5, hiyo foleni si yako. Rudi kwa aliyekupa rufaa aandike "haraka" na aweke kipimo hicho kwenye mstari wa kwanza.

Wakati unasubiri

Kaa kwenye orodha ya nafasi zinazoachwa wazi, na uwe mtu anayepatikana kwa simu. Wagonjwa wengi huahirisha siku moja kabla. Muombe daktari wako awasiliane na bingwa moja kwa moja, maana madaktari wawili wakizungumza dakika tano dawa inaweza kuanza kabla ya miadi. Pale ambapo bima inalipia mashauriano ya simu au video, yatumie kwa marejeo. Kwa mgonjwa mpya wa mapafu hayatoshi, mtu lazima asikilizwe kifua.

Oksimeta, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, inasaidia, ila isomwe kwa akili. Toa rangi ya kucha, pasha vidole joto, subiri namba itulie. Na ifahamike kwamba kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi vinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hilo mwaka 2021. Mtu mweusi mwenye 93% na anayehema asitulizwe na namba. Mwelekeo una maana zaidi: jana 97, leo 93, ni habari.

Wakikataa

Kukataliwa kwa mdomo si kukataliwa. Omba sababu kwa maandishi, na ukipata, isome uone ni ya aina gani. Sababu za karatasi, kama msimbo, jina, rufaa iliyoisha au kituo tofauti, hurekebishwa na aliyeandika rufaa na kuwasilishwa upya bila rufani yoyote. Sababu ya "huduma haimo kwenye kitita", yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, ni ngumu zaidi. Uliza kuna kipimo gani kilichomo kinachojibu swali lile lile. Sababu ya "haihitajiki kitabibu" ndiyo ya kukatia rufani, na hapo barua ya bingwa inayosema kipimo kitabadilisha nini kwenye matibabu ina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko. Mwisho wa muda wa rufani uangalie siku ile ile uliyopata barua.

Kama mfuko hauna bingwa wa mapafu hata mmoja kwenye eneo lako, au foleni ni ndefu kupita hali yako, uliza kwa maandishi kama wanaruhusu kuonwa nje ya mtandao wao kwa malipo ya bima. Mifuko mingine ina kifungu hicho, lakini ruhusa lazima itangulie huduma.

Ukitoka chumbani kwake

Cheti cha dawa kilinganishwe na orodha ya dawa za bima kabla hujaondoka, si ukiwa dukani. Pampu ni mahali pa mitego. Dawa inaweza kuwa kwenye orodha lakini kifaa chake kisiwepo, na mfamasia akakupa kingine chenye dawa ile ile. Pampu ya kubonyeza inavutwa polepole na kwa kina, kisha unashikilia pumzi kama sekunde 10. Ile ya unga inavutwa kwa nguvu na haraka. Aliyezoea moja akapewa nyingine bila kufundishwa atavuta kila siku na dawa isimfikie mapafuni, halafu kliniki ijayo ataandikwa "pumu isiyotulia" na kupandishiwa dozi. Mwambie mfamasia akuonyeshe, halafu mwonyeshe wewe.

Pampu ya kila siku ya kuzuia mashambulio, yenye mikupuo 120, kwa anayevuta miwili asubuhi na miwili usiku, inaisha siku 30. Ikiwa bima inatoa pampu mpya mara moja kwa mwezi na miadi yako ni baada ya miezi 3, cheti kiandikwe cha miezi 3 na kitaje marudio. Pia muulize bingwa mambo mawili mlangoni: barua ya majibu kwa daktari aliyekuleta inatoka lini, na marejeo yatatumia rufaa hii au yanahitaji mpya. Kama ni mpya, iombe wiki mbili kabla ya tarehe ya marejeo.